Tuna slaidi 41 na dakika 20: tupunguze vipi?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mtanzania, nasoma hisabati mwaka wa tatu hapa Marekani. Kiangazi hiki niko kwenye programu ya utafiti ya wiki 8. Kundi letu lina watu watatu, na mada yetu ni grafu za vigawo vya sifuri, yaani michoro ya nukta na mistari inayounganisha namba zisizo sifuri ambazo zao lao ni sifuri. Tumepata na kuthibitisha fomula ya idadi ya mistari katika grafu ya Zₙ (namba 0 hadi n − 1, zikizidishwa na kubakizwa baki la kugawa kwa n) kwa n yoyote: (P − 2n + 2 − s) ÷ 2, ambapo P ni jumla ya KKS (kigawo kikubwa cha shirika) ya n na kila x kuanzia 0 hadi n − 1, na s ni idadi ya x ambazo kipeo chake cha pili ni sifuri. Wiki ya mwisho kuna warsha ya siku mbili. Kila kundi linapewa dakika 20 za kuwasilisha na 5 za maswali. Tuna slaidi 41. Msimamizi ameziona, akasema neno moja tu: punguzeni. Kila tunachotaka kutoa tunaona ni cha lazima. Tuanzie wapi? Na tutumie projekta au ubao?

Jibu: Marahaba, na hongereni. Fomula ni sahihi na uthibitisho wake unaingia vizuri ndani ya dakika 20, kwa hiyo mnachohitaji ni mkasi tu.

Gawanyeni kwanza: dakika 20 kwa slaidi 41 ni sekunde 29 kwa kila slaidi. Hakuna anayeweza kukutana na fasili ya aljebra kwa mara ya kwanza, akaielewa, kisha akawa tayari kwa inayofuata ndani ya sekunde 29. Lengeni slaidi 12 hadi 14, ya jina na ya shukrani zikiwemo. Lema zote, kesi zote na jedwali la hesabu mpaka n = 200 vinakaa kwenye ripoti. Ripoti ipo, na mwenye haja ataisoma kwa kasi yake.

Halafu fikirieni nani ataketi mbele yenu. Warsha za namna hii huwakutanisha wanafunzi wa makundi mengine: mmoja alikuwa kwenye mafundo, mwingine kwenye uwezekano, mwingine kwenye takwimu. Wengi wao wamesoma kozi moja ya aljebra dhahania, wengine hawajaisoma kabisa. Walimu watakuwepo, ila hata wao si wote wa aljebra. Slaidi zenu sita za mwanzo, zinazofasili ringi (mfumo wenye kujumlisha na kuzidisha, kama Zₙ), ideali, ringi ya kigawanyo na ringi yenye ideali kuu moja tu, zinawapoteza hao wote kabla hamjafika kwenye kazi yenu. Fomula yenu haihitaji hata moja ya fasili hizo. Inahitaji mtu ajue kuzidisha namba nzima na kuchukua baki. Toeni zote sita.

Anzeni na namba 12, na muishikilie mpaka mwisho. Waambieni: tunachukua namba 0 hadi 11, tunazidisha, na kila mara tunabakiza kilichobaki baada ya kugawa kwa 12. Mfano wa saa ya ukutani unafaa kwa sentensi moja, basi. Saa inaonyesha kujumlisha, na nyinyi mnazungumzia kuzidisha. Mkiung'ang'ania, mtu ataanza kujiuliza saa tatu mara saa nne maana yake nini. Nendeni moja kwa moja: 3 × 4 ni 12, na hapa 12 ni sifuri. Namba mbili ambazo si sifuri zimezaa sifuri. Hapo mtu asiyejua ringi ni nini anaanza kusikiliza.

Sasa mchoro. Namba kati ya 1 na 11 zenye tabia hiyo ni saba: 2, 3, 4, 6, 8, 9 na 10. Kila moja ni nukta. Nukta mbili tofauti zinaunganishwa kwa mstari zao lao likiwa sifuri. 6 inaungana na 2, 4, 8 na 10. 3 inaungana na 4 na 8, na 9 vilevile. Jumla mistari 8. Msiiachie programu ichague mpangilio: SageMath ikichora bila kuelekezwa, mara nyingi mistari hupishana na jicho halioni kitu. Wekeni 3, 6 na 9 safu ya kushoto, na 2, 4, 8 na 10 safu ya kulia. Mistari yote inatoka kushoto kwenda kulia, hakuna hata mmoja unaounganisha nukta za safu moja, na mtu wa nyuma kabisa ataiona yote 8. Kwa TikZ, zana ya kuchora kwa amri za maandishi, ni kazi ya nusu saa, nayo ndiyo nusu saa yenye faida kuliko zote mtakazotumia. Kama mnatumia rangi, chagueni buluu na rangi ya machungwa. Nyekundu na kijani ni tatizo kwa wenye upofu wa rangi.

Kuna jambo moja kwenye mchoro huo ambalo lazima mlitamke kabla halijaulizwa: 6 × 6 ni 36, na 36 nayo ni sifuri hapa. Je, 6 ichorewe kitanzi cha kurudi kwake yenyewe? Katika fasili mnayotumia, hapana. Semeni hivyo waziwazi, kwa sababu s katika fomula yenu ipo kwa ajili ya vitanzi hivyo, na asiyeambiwa ataona s imedondoka kutoka mbinguni.

Tukija kwenye uthibitisho, mmeuweka kwenye slaidi tisa. Unatosha kwenye namba nne: 40, 17, 16, 8. Ningezijengea namba hizi hotuba nzima.

40 ni idadi ya jozi (x, y), kwa mpangilio, ambazo zao lake ni sifuri. Inapatikanaje? Chukueni x = 8. Ni y zipi zinafanya 8y igawanyike kwa 12? Ni 0, 3, 6 na 9. Nne. Na KKS ya 8 na 12 ni 4. Hilo halikutokea kwa bahati: kama d ni KKS ya x na n, basi n inagawa xy pale tu n/d inapogawa y, na vigawe vya n/d vilivyo chini ya n, pamoja na sifuri, ni d kamili. Hiyo ndiyo hoja yote, mstari mmoja wa maandishi. Jumlisheni KKS kwa x zote kuanzia 0 hadi 11: 12 + 1 + 2 + 3 + 4 + 1 + 6 + 1 + 4 + 3 + 2 + 1 = 40.

17 inakuja baada ya kuondoa jozi zenye sifuri ndani yake. Ziko 2n − 1, yaani 23. Hapa wengi huteleza wakaandika 2n: jozi (0, 0) isihesabiwe mara mbili.

16 inakuja baada ya kuondoa namba zinazojizidisha zenyewe zikapata sifuri. Kwa 12 ni 6 peke yake. Hizi ni s − 1, kwa sababu s inahesabu na sifuri ambayo tumekwisha kuiondoa. Mkisahau hatua hii mnapata 17 ÷ 2, mistari minane na nusu. Liwekeni kosa hilo kwenye hotuba kwa makusudi. Mtu akiona 8.5 anaelewa kazi ya s kuliko ambavyo angeielewa kwa slaidi mbili za maelezo.

8 ni nusu ya 16, maana kila mstari umehesabiwa mara mbili, kutoka kila upande. Kisha rudini kwenye mchoro: mistari 8, ileile waliyoihesabu kwa macho.

Baada ya hapo ndipo muonyeshe fomula kwa n yoyote. Itakuwa imejieleza: P, toa 2n − 1, toa s − 1, gawa kwa 2. Ikibaki dakika, wapeni mfano mmoja mkubwa usiohesabika kwa vidole. n = 72 unafaa: P ni 420, s ni 6, nukta ni 47, na mistari ni 136. Waambieni kwamba P inapatikana haraka kwa kuvunja n kuwa namba tasa. Kwa pᵃ, p ikiwa namba tasa, P ni pᵃ⁻¹((a + 1)p − a), na 72 ni 8 × 9, kwa hiyo 8 inatoa 20, 9 inatoa 21, na 20 × 21 ni 420. Uthibitisho wa hilo uende kwenye slaidi za akiba, baada ya slaidi ya mwisho, msizionyeshe mpaka muulizwe.

Hapa kuna jambo zito kuliko idadi ya slaidi. Mmeandika P kama "jumla tuliyoibuni". Iondoeni kauli hiyo leo. Jumla ya KKS ina jina, la S. S. Pillai aliyeiandikia mwaka 1933, na imechunguzwa sana tangu hapo. Si vigumu kuligundua: chukueni thamani za kwanza, 1, 3, 5, 8, 9, 15, 13, 20, 21, mziandike kwenye ensaiklopidia ya mtandaoni ya mfuatano wa namba, OEIS, na itawajibu kwa namba A018804. Fanyeni hivyohivyo kwa mistari yenu kuanzia n = 1: 0, 0, 0, 0, 0, 2, 0, 2, 1, 4, 0, 8. Kisha tafuteni maneno ya mada yenu kwenye zbMATH, hifadhidata ya makala za hisabati ambayo sasa haina malipo, na kwenye arXiv, hifadhi ya wazi ya makala za watafiti. Mkikuta mtu alishafika mlipofika, hotuba haiharibiki. Mnasema nani alifika, mnasema nyinyi mmefika kwa njia gani, mnaendelea. Inayoharibika ni hotuba ya mtu aliyedai jambo ni jipya, halafu profesa wa mstari wa pili akanyoosha mkono.

Historia ya mada mmeipa slaidi tano. Ipeni moja. Istvan Beck alianzisha grafu hizi mwaka 1988 akifuatilia upakaji rangi, na kwake kila namba ni nukta, sifuri ikiwemo. Mwaka 1999 Anderson na Livingston walibakiza vigawo vya sifuri visivyo sifuri, na ndiyo fasili yenu. Tofauti hiyo si ya urembo: kwa fasili ya Beck, grafu ya Z₁₂ ina nukta 12 na mistari 19. Mtu aliyeizoea atahesabu 19, nyinyi mtasema 8, na dakika zenu 5 za maswali zitaishia hapo. Sentensi moja inalimaliza mapema.

Kwenye slaidi hiyohiyo tajeni matokeo ya Anderson na Livingston kwamba grafu hii daima imeungana, na kutoka nukta yoyote kwenda nyingine hazihitajiki hatua zaidi ya tatu. Onyesheni kwa kidole: kutoka 2 kwenda 3 unapita 6, kisha 4. Hatua tatu kamili. Uthibitisho wao wenye kesi kadhaa mliounakili kwenye slaidi nne, utoeni. Mkiulizwa, elezeni kesi moja tu kwa mdomo: x na y hazizai sifuri, wala vipeo vyao vya pili si sifuri. Kila moja ina mwenzake, tuseme ax = 0 na by = 0. Kama a na b ni namba moja, mnapita hapo kwa hatua mbili. Kama ab = 0, njia ni x, a, b, y. Kama ab si sifuri, ab yenyewe inaungana na x na pia na y. Ndiyo kiini chake. Kesi zilizobaki ni ndugu za hii.

Kuhusu ubao na projekta: tumieni vyote viwili, kila kimoja kwa kazi yake. Mchoro, fasili na fomula viwe kwenye slaidi. Namba 40, 17, 16, 8 ziandikwe ubaoni, moja moja, kwa mkono, huku mwenzenu akizungumza. Mkono unaoandika unawapa wasikilizaji muda wa kufikiri, na namba zitabaki pale hata slaidi ikibadilika. Ila nendeni mkakikague chumba siku moja kabla. Vyumba vingi vina skrini inayoshuka mbele ya ubao na kuuziba wote. Mkikuta hivyo, jengeni namba hizo kwenye slaidi moja, mstari baada ya mstari. Katika Beamer, zana ya kutengeneza slaidi, amri ni \pause. Itumieni hapo tu, si kila mahali, kwa sababu kila \pause huongeza ukurasa kwenye PDF na mkitaka kurudi nyuma mtabonyeza mara kumi. Ulizeni pia kama projekta ni ya 16:9 au 4:3 na mpange hati hivyo. PDF iwe kwenye laptopu moja ya kundi zima, kwenye flashi, na kwenye barua pepe.

Mko watatu, kwa hiyo mnahitaji makabidhiano mawili tu. Wa kwanza achukue 12 na mchoro, dakika 6. Wa pili historia kwa dakika 2, kisha namba nne, jumla dakika 9. Wa tatu fomula, mfano wa 72 na maswali yaliyobaki wazi, dakika 4. Inabaki moja, nayo itamezwa na kubadilishana nafasi na kikohozi. Anayepokea asiseme "kama mwenzangu alivyosema". Aanze na kitu chake.

Fanyeni mazoezi mara tatu kwa sauti, mkiwa mmesimama. Mara ya kwanza ni kwa saa ya kuhesabu, na mwandike dakika mliyofikia kila slaidi. Ya pili, mbele ya mtu wa kundi jingine, na mwisho mwombeni aeleze kwa nini 8.5 ilitokea. Akishindwa, tatizo liko kwenye slaidi ya vitanzi, lisafisheni. Ya tatu iwe kwenye chumba chenyewe. Amueni mapema kitakachorukwa muda ukibana: mfano wa 72 ndio wa kwanza kuondoka. Msirukishe hatua ya namba nne kwa namna yoyote.

Neno kuhusu lugha, maana mtawasilisha kwa Kiingereza. Kwa wewe uliyejifunza KKS shule ya msingi kisha ukaikuta kwa jina jingine sekondari, kichwa hutafsiri ukiwa umesimama, na hapo ulimi hukimbia ili kufidia. Andikeni neno kwa neno sentensi ya kwanza na ya mwisho ya kila sehemu, mzikariri. Katikati zungumzeni kwa uhuru. Na msitumie m na n pamoja kwenye hotuba moja. Zikitamkwa kwa Kiingereza, mtu wa nyuma hazitofautishi. Tumieni n na p.

Kwenye maswali, tarajieni hili: je, grafu inatosha kuitambua ringi? Haitoshi, na mfano wake mnao mkononi. Z₆ ina nukta 2, 3, 4 na njia 2–3–4. Z₈ ina nukta 2, 4, 6 na njia 2–4–6. Mchoro ni uleule, ringi ni tofauti: katika Z₈ kipeo cha pili cha 4 ni sifuri, katika Z₆ hakuna isiyo sifuri yenye tabia hiyo. Wekeni michoro miwili hiyo sambamba kwenye slaidi ya akiba. Swali jingine litakuwa kama mmejaribu kwa kompyuta. Jibuni ndiyo, mtaje mpaka n ngapi, na muongeze kwamba uthibitisho hautegemei majaribio hayo. Kwa swali msilolijua, semeni hamjalichunguza, mliandike mbele ya aliyeuliza, na mumtafute wakati wa chai.

Slaidi ya shukrani iangalieni kwa makini kwa sababu wewe ni mgeni nchini. Programu nyingi za aina hii hulipiwa na mfuko wa taifa wa sayansi wa Marekani, NSF, kupitia mpango wa REU wa utafiti wa wanafunzi wa shahada ya kwanza, na fedha hizo huwalipa raia na wakazi wa kudumu tu. Mwanafunzi wa kigeni kwa kawaida hulipiwa kutoka mfuko mwingine, mara nyingi wa chuo. Mwombeni msimamizi maneno kamili na namba ya ruzuku, ili wenzako wataje mfuko wao na wewe utaje wako.

Na slaidi ile ya mwisho iliyoandikwa "Asanteni, maswali?" kwa herufi kubwa, ifuteni. Shukrani zitangulie. Wakati wa maswali acheni ukutani mchoro wa Z₁₂ na fomula chini yake, kwa sababu mwenye swali atataka kunyoosha kidole kwenye nukta fulani, na aikute hapo.